Kukuza picha bila kuiharibu: maswali tunayoulizwa kila siku studio, Kirumba, Mwanza

Ukurasa huu tumeuandika kwa sababu ya foleni. Jumamosi watu wa harusi, wa kipaimara na wa msiba wanakutana kaunta kwa wakati mmoja, na hatupati nafasi ya kumweleza kila mtu kwa utulivu kwa nini picha yake inakubali kukuzwa au inagoma. Hapa nafasi ipo. Ukiwa na haraka, soma swali la WhatsApp na lile la picha ya marehemu. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Mbona kwenye simu picha inang'aa, halafu mnasema haifiki bango?

Kwa sababu kioo cha simu ni kidogo, na picha yoyote iliyobanwa mahali padogo huonekana kali. Bango la futi sita kwa nne halifichi kitu. Fikiria mchuzi wa sato uliopikwa kwa watu wanne. Wakija wageni arobaini unaweza kuongeza maji hadi sufuria ikajaa, lakini sato ni yule yule mmoja. Picha nayo ukiikuza inaongezeka ukubwa tu. Habari iliyomo ndani yake inabaki ile ile.

Jaribu mwenyewe kabla hujapanda daladala. Fungua picha, ivute kwa vidole mpaka jicho moja la mtu lijae kwenye kioo. Ukiziona kope moja moja, njoo nayo bila wasiwasi. Ukiona vijumba vya mraba au rangi iliyovujiana kama kitenge kilichochuja, basi tuna kazi ya kufanya kwanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yako: kutafuta picha iliyo bora zaidi ya hiyo.

Pikseli ni kitu gani hasa?

Ni kijumba kimoja cha rangi. Picha ya kidijitali ni kama mkeka: ukiwa mbali unaona ua, ukiinama karibu unaona ukili mmoja mmoja. Mwaka 1957, nchini Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza kwenye kompyuta picha ya mtoto wake mchanga, Walden. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani hazifiki elfu thelathini na moja, na ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za namna hii duniani. Leo simu ya kawaida hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, ambazo ni milioni 12, na ndizo zinazoitwa megapikseli 12.

Wateja wengi wanatuambia simu zao ni za megapikseli 50, halafu tunakuta faili ina 12 na nusu. Hamjaibiwa. Simu nyingi za aina hiyo huunganisha vijumba vinne kuwa kimoja ili picha isiwe na chenga, hasa gizani. Ukipiga mchana wenye mwanga wa kutosha, unaweza kuingia kwenye mipangilio ya kamera ukachagua megapikseli zote.

Nitajuaje picha yangu inaweza kukua mpaka wapi?

Hesabu yake ni nyepesi. Fungua maelezo ya picha kwenye simu, utaona namba mbili, kwa mfano 4000 × 3000. Picha ya kushikwa mkononi, kama ya albamu au kadi, inataka pikseli 300 kwa inchi, ambazo ni kama 118 kwa sentimita. Gawa kila namba kwa 118. Hapo 4000 kwa 3000 inakupa sentimita 34 kwa 25, kubwa kidogo kuliko A4. Picha ya kutundikwa ukutani sebuleni inaridhika na nusu ya hizo, 59 kwa sentimita, kwa hiyo faili ile ile inafika sentimita 68 kwa 51 bila ujanja wowote. Kwa anayetaka namba za karatasi: A4 kamili ni pikseli 2480 kwa 3508, na A3 ni 3508 kwa 4961.

Kitu ambacho watu hawakiulizi, na ndicho tunachotamani wakiulize, ni mtazamaji atasimama wapi. Jicho zima la binadamu linatofautisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukiigeuza hesabu hiyo, inakuwa hivi: chukua 87, gawa kwa umbali wa mtazamaji kwa mita, utapata pikseli kwa inchi ambazo jicho lake linaweza kuziona. Mita moja, 87. Mita mbili, kama 44. Mita kumi, 9 tu.

Sasa chukua bango la sendofu la futi sita kwa nne, yaani inchi 72 kwa 48. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa upana inakuwa na pikseli 55 kwa kila inchi. Mtu akisimama mita moja na nusu au zaidi, haoni kasoro. Kwa hiyo mwenye picha ya simu ambayo haijaguswa wala kutumwatumwa hahitaji programu ya kukuzia. Anahitaji kutuletea faili ilivyo.

Bango la barabarani ndilo linalowashangaza wengi. Dereva anayelitazama kutoka mita 30 haoni zaidi ya pikseli 3 kwa inchi. Sisi huandaa kwa 10 hadi 15 kwa sababu wapo pia wanaopita chini yake kwa miguu, lakini anayekwambia lazima iwe 300 kwa bango la mita 12 anakutafutia faili ambalo kompyuta yako haitalifungua.

Fundi mmoja aliniambia nibadilishe namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 iwe 300, basi. Inatosha?

Haitoshi, na kwa kweli haijabadilisha kitu. Namba hiyo ni maelekezo kwa printa tu: inaiambia vijumba vipangwe kwa msongamano gani. Ukiandika 300 bila kuongeza pikseli, picha itachapwa ndogo zaidi. Ukiruhusu programu iongeze pikseli ili kufikia 300, hapo imekukuzia picha, na majibu yanayofuata ndiyo yanakuhusu.

Picha ilikuja kwa WhatsApp. Mnaweza kuikuza?

Hili ndilo swali namba moja, kwa hiyo tulieni tulieleze.

Kwa mipangilio ya kawaida, WhatsApp hupunguza picha mpaka upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. Picha yako ya milioni 12 imefika ikiwa na chini ya milioni mbili. Halafu inabanwa tena kwa JPEG, mtindo wa kuhifadhi picha uliokubaliwa kimataifa mwaka 1992. JPEG huigawa picha katika vijumba vya pikseli nane kwa nane, na ndani ya kila kijumba hutupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Ikibanwa mara moja huoni tofauti. Lakini picha za shughuli zetu zinasafiri: mpiga picha anaituma kwenye kundi la kamati, mjumbe anaihariri na kuiweka maua, shangazi anaichukua kwenye hali (status) ya mtu kwa skrinishoti, mwanaye anakata pembeni, ndipo inafika studio. Kila inapobanwa upya, vijumba vya nane kwa nane vinazidi kujichora. Ukiikuza hiyo, unakuza uso wa bwana harusi pamoja na mistari ya vijumba vyake, na programu haina njia ya kujua kipi ni shavu na kipi ni takataka za kubanwa.

Skrinishoti ni mbaya zaidi kwa sababu ukubwa wake ni ukubwa wa kioo cha simu, si wa picha. Simu nyingi zina upana wa pikseli 1080 au 720. Ukikata jina, saa na betri, unabaki na kipande.

Kwa hiyo kabla ya kukuza, tafuta faili mama, yaani picha ile ile kama ilivyotoka kwenye kamera. Mpigie aliyepiga. Angalia simu ya zamani iliyo kabatini, kadi ya memori, Google Photos, barua pepe. Tumeshaona familia imekata tamaa kabisa, kisha binamu aliyeko Geita akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyepiga, na kadi bado anayo. Saa moja ya kupiga simu ilileta uso ambao wiki nzima ya programu isingeuleta.

Ukishaipata, isirudi tena kupitia mlango ule ule. Ndani ya WhatsApp bonyeza alama ya kuambatisha, chagua kutuma kama hati, si kama picha. Ikiwa hati haibanwi. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 ni afadhali kuliko la kawaida, lakini nalo linabana.

Na ikiwa kweli picha ya pikseli 1600 ndiyo pekee iliyobaki duniani? Tutaifanyia kazi kwa heshima. Kwa A1, yenye upande mrefu wa sentimita 84, inakupa pikseli 48 kwa inchi. Ikitundikwa mahali ambapo watu watasimama mita mbili, itapendeza. Ikiwekwa mlangoni ambapo kila mgeni anaisogelea kusaini kitabu, haitapendeza, na ni vizuri tukwambie kabla hujalipa.

Kompyuta inapokuza picha inafanya nini kwa kweli?

Inakisia. Ukikuza mara mbili kila upande, pikseli zinakuwa mara nne, maana yake katika kila pikseli nne, tatu ni za kubuni. Ukikuza mara nne kila upande, katika kila 16 zilizopo, 15 hazikuwepo. Hebu zikumbuke namba hizo kila mtu anapokutangazia kukuza «bila kupoteza chochote».

Njia zinatofautiana kwa namna ya kukisia. Ya kizamani hurudia kijumba cha jirani, picha inatoka na ngazingazi. Inafaa kwa michoro ya vijumba peke yake. Inayofuata huangalia majirani wanne na kuchukua wastani, picha inatoka laini kama imepakwa mafuta. Ya tatu, ambayo wengi wetu tumeitumia miaka yote, huangalia majirani 16, na mahesabu yake ya kompyuta yalielezwa na Robert Keys mwaka 1981. Nyingine inaitwa Lanczos, kwa jina la mwanahisabati wa Hungaria Cornelius Lanczos. Ile ya kawaida huangalia majirani 36 na hulinda kingo vizuri, ingawa wakati mwingine huacha utepe mweupe kandokando ya kitu cheusi. Utauona kwenye nyaya za umeme zikipita mbele ya anga.

Njia hizi zina uaminifu. Zikishindwa kujua, huacha ukungu. Ukiacha utepe huo, hazikuwekei kitu ambacho hakikuwepo.

Na akili mnemba? Si siku hizi inarudisha kila kitu?

Haikirudishi, inakichora upya kwa kufananisha. Tangu mwaka 2014, watafiti wa Hong Kong walipoonyesha mtandao wa kompyuta uliojifunza kukuza picha, mambo yamekwenda kasi. Programu hizi huonyeshwa picha nyingi kwa jozi, ndogo na kubwa, mpaka zinazoea: mahali penye ukungu wa namna hii, kwa kawaida kulikuwa na jani, wa namna ile, kulikuwa na ukuta wa tofali. Ukiipa picha yako, inatumia mazoea hayo.

Kwa vitu vingi matokeo ni mazuri na tunayatumia kila siku bila hofu. Miamba ya Capri Point, mbao za mtumbwi, majani ya mgomba, paa la bati, mawe ya ufukweni: hakuna atakayehesabu punje za mwamba. Dagaa walioanikwa ndio mtihani. Tulikuza picha ya vichanja vya dagaa kwa ajili ya mfanyabiashara wa Mwaloni, na kwenye kona ya mbali programu iliwageuza dagaa kuwa kitu kama nyasi kavu. Mwenyewe aliona papo hapo. Mtu anayeishi kwa dagaa humdanganyi kwa nyasi.

Maandishi nayo yanaponza. Namba ya usajili wa boti au ya gari ikiwa haisomeki, programu inaweza kukuandikia namba safi kabisa isiyo ya kweli. Usitumie picha ya namna hiyo polisi wala kwenye bima.

Nina picha moja tu ya marehemu baba, ndogo. Mtaikuza mpaka ya kuwekwa mbele ya jeneza?

Pole sana. Tutajitahidi, na tunaomba usome jibu hili lote.

Miaka michache nyuma kijana alileta picha ya kitambulisho ya baba yake. Uso mzima haukuzidi pikseli 90 kwa upana. Niliupitisha kwenye programu inayotengeneza nyuso. Ulitoka ngozi laini, macho yanang'aa, meno yamenyooka, na nikaona nimefanya kazi nzuri. Jioni mama yao alikuja kuichukua. Aliitazama muda mrefu, kisha akasema taratibu: «Mwanangu, huyu baba ni mzuri, lakini si baba yenu.» Nikaweka picha mbili ubavu kwa ubavu ndipo nikaona. Kovu juu ya nyusi lilikuwa limefutwa. Jicho la kushoto lililolegea lilikuwa limeinuliwa. Mwanya umezibwa. Usiku ule nilichapa upya kwa njia ya kawaida, ndogo, rangi nyeusi na nyeupe, kwenye A4 yenye mpaka mpana mweupe. Hiyo ndiyo iliyokwenda kaburini.

Jambo hili si la studio yetu peke yake. Juni 2020 watu waliijaribu programu iitwayo PULSE, ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Waliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa mpaka vijumba vichache, nayo ikarudisha uso wa mwanamume mzungu. Programu hukisia kutokana na nyuso ilizofunzwa, na nyuso nyingi ilizofunzwa hazikuwa za watu wetu. Kwa hiyo mzee wa Magu mwenye ngozi nyeusi ya jua la ziwani atatiwa weupe kidogo, pua itachongwa, makunyanzi yatapigwa pasi. Mwanya, ambao kwetu ni urembo, mashine inauona kama kosa la kurekebisha. Twende kilio imeshonwa vizuri na programu hiyo hiyo itaichanganya iwe nywele za kutimka.

Ndiyo maana tuna utaratibu. Uso ulio chini ya pikseli 100 kwa upana hatuupitishi kabisa kwenye programu ya nyuso. Ulio juu ya hapo tunaweza kuupitisha, lakini tunachanganya matokeo na picha ya asili, kwa kawaida theluthi moja ya mashine na mbili za asili, na macho na mdomo tunayaacha ya asili. Kisha tunamwita mtu wa familia aone kabla ya kuchapa, na tunapenda awe mjane, mama au dada mkubwa. Vijana huvutiwa na ung'avu, wazee huutafuta mtu wao. Na tunashauri ukubwa wa kiasi. Picha ndogo iliyo kweli, ndani ya fremu pana yenye maua kandokando, inasimama mbele ya watu kwa heshima kuliko uso mkubwa wa mtu asiyejulikana. Nyeusi na nyeupe inasaidia pia, kwa sababu mabaka mengi ya JPEG yamo kwenye rangi.

Picha ni ya karatasi, ya zamani. Nipige na simu niwatumie?

Kama unaweza kuileta, ilete. Skana itapata mengi zaidi ya simu, bila kivuli cha kichwa chako wala mng'ao wa taa. Picha ya sentimita 10 kwa 15 tunaiskani kwa 600 kwa inchi, inakuwa na pikseli 2362 kwa 3543. Pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45 tunaiskani kwa 1200, inatoa 1654 kwa 2126. Kupita hapo karatasi haina cha kukupa zaidi. Utakuwa unaskani nyuzi zake.

Ukiwa na negativu, hiyo ni dhahabu. Wapo wanaokuja na picha za ndugu waliopotea na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Zama zile kila picha ilipigwa kwa filamu, na vipande vya negativu mara nyingi bado vimo ndani ya bahasha ya studio, nyuma ya picha ambazo familia imezitazama mpaka zimechakaa. Kipande kile cha milimita 24 kwa 36 hubeba undani kuliko picha iliyosafishwa kutoka kwake, na mikono haijakishika. Tafuteni bahasha hizo. Msiviguse kwa vidole, wala msiviweke karibu na ukuta wenye unyevu. Hapa ziwani ukungu unakula filamu kimyakimya.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue. Ilete na kioo chake, tutaiskani humo humo.

Nembo ya duka au ya kikundi inatoka na kingo chafu. Kwa nini?

Kwa sababu umeleta picha ya nembo badala ya nembo. Nembo huchorwa kwa vekta, ambako kompyuta haihifadhi vijumba bali maelezo ya mistari: anzia hapa, pinda hivi, jaza bluu. Hiyo ukiikuza kutoka ukubwa wa muhuri mpaka ubavu wa basi, kingo zinabaki kali. Muulize aliyekuchorea akupe SVG, au PDF iliyotoka kwenye programu yenyewe ya kuchorea. PDF iliyobandikwa JPEG ndani haisaidii kitu. Mchoraji akiwa hapatikani, tunaichora upya kwa mkono kwenye Inkscape, programu ya kuchorea vekta. Nembo ya kawaida haichukui hata nusu siku, na baada ya hapo hutakuwa na shida hiyo tena.

Nataka kufanya mwenyewe nyumbani, bila kununua programu.

Inawezekana. GIMP, programu ya kuhariri picha, ni bure na ina njia tatu za kwanza za kukisia tulizozitaja. Kwa kukuza kiasi, mara moja na nusu hivi, chagua nyingine iliyomo, iitwayo NoHalo. IrfanView ni nyepesi, inafaa kompyuta za zamani za Windows, na ina Lanczos. Kwa akili mnemba iko Upscayl, nayo bure, na ikishapakuliwa haili bando kwa sababu kazi inafanyika ndani ya kompyuta yako. Inahitaji kadi ya picha yenye nguvu kiasi. Wenye Photoshop, tangu mwaka 2021 sehemu yake ya Camera Raw inaweza kukuza mara mbili kila upande, na inafanya vizuri zaidi kwa faili ghafi za kamera.

Mpangilio wa kazi una maana kuliko programu. Ondoa chenga kwanza, maana zikikuzwa huwa changarawe. Kisha kuza. Kunoa kingo ni mwisho kabisa, na kufanywe ukitazama picha kwa ukubwa itakaochapwa. Anayenoa kwanza anakuza na ule utepe mweupe wa kunoa. Ukimaliza hifadhi kwa PNG au TIFF, na faili mama usiiandike juu, iache ilivyo kwenye folda yake. Ule ushauri wa zamani wa kukuza asilimia kumi kumi mara nyingi, achana nao. Kila mzunguko unaongeza ukungu wake.

Nataka Jiwe la Bismarck lijae ukuta mzima wa ukumbi.

Hii ndiyo kazi tunayoipenda, kwa sababu hapa kuna njia ya kupata undani wa kweli badala ya kuubuni: piga picha nyingi. Nenda asubuhi, jua likiwa nyuma yako likitokea upande wa mjini. Shika simu wima, funga mwanga na fokasi, piga picha sita kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia. Programu ya bure iitwayo Hugin itaziunganisha. Picha sita za 3000 kwa 4000 zinakuwa moja ya kama 13000 kwa 4000, pikseli milioni 52, na kila moja imetoka kwenye mwanga uliogonga jiwe lenyewe. Kwa kiwango cha ukutani hiyo ni mita 2.2 kwa upana. Kwa ukumbi, ambako watu watakaa mita tatu, inaweza kufika zaidi ya mita tano.

Mawimbi ndiyo yanayosumbua, kwa sababu maji hayasubiri. Chagua asubuhi ya ziwa tulivu, piga haraka, na maungio yapitishe kwenye mwamba na anga. Zumu ya simu ya kuvuta kwa vidole usiiguse: hiyo inakata na kukuza papo hapo, kazi ile ile tunayojaribu kuikwepa.

Picha iliyotikisika inakuzika?

Inakuzika, na mtikisiko nao unakua. Mara nyingi jibu letu ni kuichapa ndogo.

Kuna tovuti za kukuza bure. Nipakie huko?

Picha ya mandhari, hakuna shida. Picha ya watu, hasa watoto, wagonjwa au marehemu, soma kwanza tovuti hiyo inafanya nini na picha inazopokea. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu ni taarifa yake. Ndiyo maana kazi za wateja tunazifanya kwenye kompyuta zetu wenyewe. Na picha uliyoichukua mtandaoni ina mwenyewe: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyeipiga, hata ukiikuza mara kumi.

Niko Ukerewe. Nitawafikishiaje?

Kwa intaneti, tuma kama hati au kwa kiungo cha Google Drive. Kama mtandao ni dhaifu, weka kwenye fleshi au kadi ya memori ndani ya bahasha, mpe mtu anayevuka na meli. Picha ya karatasi iweke katikati ya makatoni mawili, na mfuko wa nailoni juu yake. Andika kwenye kikaratasi ukubwa unaoutaka kwa sentimita au futi, itatundikwa wapi, na watu watasimama umbali gani. Ikiwa ni ya marehemu, ongeza mstari mmoja wa alama zake: kovu liko wapi, alikuwa na mwanya au hakuwa nao, jicho lipi dogo, upara ulianzia wapi. Mstari huo tunaubandika juu ya kioo cha kompyuta na hautoki hapo mpaka picha ichapwe.